Kamba Inayojua Kuachia: Jinsi Paraglaida Inavyopaa kwa Winchi

Kila mwaka, kiangazi cha Desemba hadi Machi kinapokolea, anga la Iten hupambwa na mabawa ya kitambaa. Mji ule umejulikana kwa wakimbiaji wake, lakini ukisimama kwenye ukingo wa Bonde la Kerio ukainua macho, utawaona watu wameketi hewani kama walioketi sebuleni, wakizunguka polepole juu ya mteremko. Mji uko mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari na bonde liko mbali sana chini yake. Mtazamaji hahitaji kuelezwa sana. Pana genge, mtu anakimbia, anaruka.

Halafu kuna zile video nyingine zinazozunguka kwenye simu. Uwanda mtupu, hakuna hata kilima. Pikapu inakwenda, kamba ndefu inanyooka nyuma yake, na mtu anapaa kutoka ardhini huku miguu ikining'inia. Kila anayeitazama ana maelezo yake: hiyo ni tiara kubwa, hiyo ni parachuti, huo ni ule mchezo wa watalii ufukweni, ukiwa na gari na kamba imara hata wewe unaweza.

Maelezo hayo ya mwisho ndiyo yaliyonitia wasiwasi. Mpwa wangu anayeishi Hola, kule Tana River, alinipigia baada ya kuona video kama hiyo. "Mjomba, huku kwetu hata kichuguu cha maana hakuna. Kwani tukitafuta pikapu na kamba?" Jibu langu la kwanza lilikuwa fupi na halikuwa na adabu. Hili ndilo jibu refu.

Tuanze na majina, kwa sababu mkanganyiko mwingi unaanzia hapo.

Parachuti ni kitambaa cha kupunguza kasi ya kuanguka. Unaruka kutoka kwenye ndege, unakifungua, kinakuchelewesha ili ufike chini ukiwa mzima. Paraglaida ni ndugu yake wa damu, ila yenyewe ni bawa. Kitambaa chake kimeshonwa vyumba vyumba, vyenye midomo wazi upande wa mbele. Hewa ikiingia, vyumba hujaa, na kitambaa kilichokuwa kimelala kama shuka hupata umbo la bawa la ndege. Wazo hilo la vyumba vya hewa lilitokana na Domina Jalbert huko Marekani, miaka ya 1960. Mwaka 1978, katika kijiji cha Mieussy nchini Ufaransa, wanaparachuti watatu walijaribu kuruka na mabawa ya aina hiyo kwa kukimbia tu kwenye mteremko wa mlima, bila kupanda ndege. Mchezo wenyewe ulianzia hapo.

Bawa la leo la mtu mmoja lina eneo la mita za mraba 22 hadi 30 na uzito wa kilo 4 hadi 6 hivi. Linakunjwa likaingia kwenye mkoba wa mgongoni. Rubani huketi kwenye kiti cha mikanda, mita kama 7 chini ya kitambaa, ameshika vishikio viwili vya breki. Akivuta cha kulia, upande wa kulia wa bawa hupungua kasi, na bawa hugeukia kulia. Mwendo wake wa kawaida hewani ni kilomita 36 hadi 40 kwa saa, sawa na bodaboda asiye na haraka, kama yupo.

Ule mchezo wa ufukweni nao ni kitu kingine kabisa. Pale mtalii hufungwa kwenye parachuti ambayo imefungwa kwenye boti. Yeye haongozi chochote, na kamba haiachiwi mpaka arudi. Kwenye paraglaida ya winchi, yaani inayopandishwa kwa mashine ya kuvuta kamba, kamba ina kazi ya dakika chache tu. Ikishamfikisha rubani juu, anaiachia na kwenda zake. Hapo ndipo paraglaida inapotengana na tiara pia: tiara ikikatika uzi imekwisha, itayumba na kuanguka kwenye paa la jirani. Paraglaida ikiachia kamba, ndiyo kwanza safari inaanza.

Sasa, kamba inafanya kazi gani hasa?

Bawa lolote hubeba kwa sababu linasonga mbele ndani ya hewa. Likisimama, halibebi. Mlimani, nguvu ya kulisogeza mbele inatokana na uzito wa rubani mwenyewe: anashuka kidogo kidogo, na kwa kila mita 1 anayoshuka anasonga mbele mita 8 hadi 10. Ni kama baiskeli inayoteremka bila kukanyagwa. Uwandani hakuna mteremko wa kuanzia, kwa hiyo lazima mtu mwingine akanyage.

Akanyage kwa nguvu kiasi gani? Wengi wakisikia jibu hawaamini. Rubani na vifaa vyake wakiwa na kilo 100, mvuto wa kama kilo 11 tu unatosha kulifanya bawa liende mbele bila kushuka. Ni mfuko wa unga wa kilo 10 na pakiti ya sukari juu yake. Zile kilo 100 zote zinabebwa na hewa, na kamba kazi yake ni kulizuia bawa lisipoteze mwendo. Mkazo wa kamba ukizidi hapo, ziada inageuka kuwa kupanda. Kwa kawaida mkazo huwa makumi kadhaa ya kilo na hauachwi uzidi uzito wa rubani, na kwa mkazo huo bawa hupanda mita 3 hadi 5 kila sekunde, sawa na ghorofa moja au zaidi kidogo.

Kwa hiyo anayedhani kwamba kamba inamnyanyua mtu kama ndoo ya kisimani amekosea tangu mwanzo, na kosa hilo lina matokeo. Anayeamini kwamba kamba ndiyo inayobeba atataka kamba ivute kwa nguvu na isikatike kamwe. Anayejua kwamba bawa ndilo linalobeba atataka kamba iwe mpole, na iwe tayari kuachia wakati wowote.

Winchi tunaijua mabandarini na kwa wenye magari ya kuvuta magari mabovu: pipa linazungushwa na injini na kukunja kamba. Ya paraglaida ni hiyo hiyo kwa umbo, ila kamba yake ni nyembamba, milimita chache tu, ya nyuzi za kisasa kama Dyneema ambazo ni nyepesi na ngumu kukatika. Winchi huwekwa mwisho mmoja wa uwanja, rubani akakaa mwisho wa pili, na katikati pana kamba ya kilomita moja hivi iliyolala kwenye nyasi. Winchi ikianza kukunja, rubani hupanda huku akiisogelea. Akifika karibu juu yake, atakuwa amepata kimo cha theluthi moja hadi karibu nusu ya urefu wa kamba. Kamba ya mita 1,000, basi, humpa mita 300 mpaka 450 hivi, zaidi kidogo upepo ukimkabili vizuri.

Aina ya pili hufungwa kwenye gari au boti, nayo hufanya kinyume: badala ya kukunja kamba, inaitoa. Rubani anaanza na kamba fupi. Gari linakwenda mbele, na pipa linaachia kamba taratibu kupitia breki iliyopimwa, isikaze kupita kiasi kilichowekwa. Pikapu ya kwenye video za simu mara nyingi ndiyo hii. Tatizo ni kwamba pipa liko nyuma ya gari na kamera iko mbali, kwa hiyo mtazamaji anaona gari, anaona kamba, na anahitimisha kwamba siri imekwisha.

Siri iko kwenye pipa. Mfikirie mvuvi wa mshipi aliyemnasa jodari mkubwa. Hafungi mshipi kwenye mtumbwi akakunja mikono. Samaki akivuta, anampa, akilegea, anakunja, vidole vyake vinasikiliza mshipi muda wote. Angeufunga, samaki angeukata, au angekwenda na mtumbwi. Mwendesha winchi ni mvuvi huyo, ila vidole vyake ni kipimo cha mkazo, au klachi na breki ambazo zimewekwa zisivuke kiwango fulani. Haangalii sana injini inazunguka kwa kasi gani. Anaangalia kamba imekaza kilo ngapi, na macho yake hayatoki kwa rubani.

Chukua sasa gari la kawaida na kamba iliyofungwa moja kwa moja. Dereva anakwenda kwa kasi ile ile. Kule juu, rubani anakutana na dharuba. Bawa lililokuwa likipokea hewa ya kilomita 38 kwa saa linapokea ya 50. Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ongezeko hilo linaloonekana dogo huongeza nguvu kwa karibu robo tatu, tena kwa sekunde moja. Nyongeza hiyo inatafuta pa kutokea, na mahali pekee ni kwenye kamba. Kwenye winchi, pipa lingeteleza na kutoa kamba. Kwenye bampa ya gari, hakuna kinachoteleza. Dereva mwenyewe hana habari, yuko na usukani na mashimo ya barabara. Akipunguza mwendo kwa ajili ya tuta, kamba inalegea. Akiongeza, inakaza ghafla. Waliowahi kuvutiwa gari lao bovu wanaujua ule mtukutiko wa shingo. Sasa jiwazie mtukutiko huo ukiwa mita 20 juu ya ardhi.

Ndiyo maana jibu langu la kwanza kwa mpwa wangu halikuwa na adabu.

Kamba hukatikia pembamba, walisema wahenga. Marubani wa winchi wameuchukua usemi huo na kuufanya kifaa. Kati ya kamba na rubani huwekwa kiungo dhaifu: kipande cha uzi au chuma kilichopimwa kikatike mkazo ukifika kiwango fulani, kwa kawaida kati ya kilo 100 na 200 kutegemea uzito unaovutwa na kanuni za nchi. Ni fyuzi. Umeme ukizidi nyumbani, fyuzi inaungua ili friji ipone. Na kama ilivyo kwa fyuzi, kuna wajanja wanaochoshwa na kukatika kwake wakaweka kitu kinene zaidi. Kukatika kunakera, ni kweli. Lakini kiungo kinachokatika mara kwa mara kinaleta habari: upepo leo si wa kuruka, au mwendesha winchi anavuta kwa pupa. Ukikinenepesha, habari hiyo haikufikii tena.

Hata hivyo kiungo dhaifu nacho kisipewe sifa isiyo yake. Kinapima nguvu tu, mwelekeo hakiujui. Na ajali mbaya kuliko zote za winchi inaweza kutokea bila mkazo kufika kiwango chake.

Marubani huiita lokauti, na inafaa kuielewa polepole.

Kamba imefungwa kwenye mwili wa rubani, na bawa liko mita 7 juu yake. Mambo yakiwa sawa, winchi, rubani na bawa wako kwenye mstari mmoja. Upepo wa ubavuni ukalisukuma bawa kidogo upande wa kushoto. Kamba haijui hilo, inaendelea kuuvuta mwili kuelekea winchi, yaani upande wa kulia wa lile bawa. Sasa mwili unakwenda huku na bawa liko kule, kwa hiyo bawa linainama, na likiinama linageuka zaidi kushoto. Likigeuka zaidi, kamba inalivuta kwa pembe mbaya zaidi, nalo linainama zaidi. Mwanzoni breki kidogo tu ya kulia na kuegemea upande wa pili kwenye kiti vinatosha kulirudisha. Baada ya pembe fulani hakuna breki itakayolirudisha, kwa sababu kamba imekuwa na nguvu kuliko rubani. Bawa linageukia ardhini na winchi inalisaidia kufika.

Mwenye kufuga ataelewa haraka. Ndama anayefuata kamba ukimvuta kutoka mbele anakuja. Akishageuza ubavu na kukaza miguu, kadiri unavyovuta ndivyo anavyojipinda, mpaka mmoja wenu aanguke. Dawa ni kulegeza kamba kwanza.

Na kwenye lokauti dawa ni hiyo hiyo. Mwendesha winchi anayeona bawa linatoka kwenye mstari hupunguza mkazo mara moja, hata kabla ya kuombwa. Rubani anayeona marekebisho yake hayafanyi kazi huachia kamba. Hana sababu ya kusubiri aone kama itajirekebisha. Kosa la wengi, na linatokana na silika tu, ni kuning'inia kwenye breki ya upande wa pili kwa nguvu zote. Bawa linalovutwa na winchi tayari limeinua pua na liko karibu na kikomo chake. Breki nyingi zinalimaliza. Linaacha kubeba, na hapo rubani anakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Ukitazama sehemu wanakovutana kwa utaratibu, utaona kuachia kumewekwa mikononi mwa zaidi ya mtu mmoja. Rubani ana kifyatuo mbele ya tumbo, anakivuta na kamba inakwenda. Kifyatuo kikigoma, mwendesha winchi ana kisu kilichofungwa kwenye mashine yenyewe, mithili ya shoka dogo, cha kukata kamba pale pale. Katikati kuna kiungo dhaifu. Na rubani hubeba kisu cha ndoano, kile chenye makali upande wa ndani ili kisimkate mwenyewe. Njia nne za kuachia, kwa kamba moja.

Basi tumwangalie rubani akiondoka.

Bawa limetandazwa nyuma yake, midomo ya vyumba ikielekea upepo. Winchi iko mbele kabisa, upepo unamjia usoni. Upepo ukiwa wa ubavuni, watu wenye busara hukaa chini ya mti wakanywa chai. Pembeni yake amesimama msimamizi wa kuruka, ambaye kazi yake watu huidharau kwa sababu anaonekana hafanyi kitu. Yeye ndiye anayekagua mikanda ya miguuni kama imefungwa (ndiyo, kuna waliosahau), kama kifyatuo kimejaribiwa, kama nyuzi hazijasokotana, kama hakuna mtoto, ng'ombe wala pikipiki inayokatiza uwanja. Kamba yenye mkazo inayopita kwenye usawa wa kifundo cha mguu haionekani, na inakata.

Kisha maneno machache kwa redio, yaliyokubaliwa tangu asubuhi na yasiyobadilishwa: rubani amefungwa, kaza kamba, kamba imekaza, nenda. Mwisho wa uwanja redio inaweza kukoroma, kwa hiyo mara nyingi huwa na taa au bendera pia. Neno la kusimamisha, lolote lililochaguliwa, linaruhusiwa kusemwa na mtu yeyote uwanjani.

Mkazo wa kwanza ni mdogo. Rubani analiinua bawa juu ya kichwa, analitazama, analinyoosha. Likiwa halijakaa sawa anaacha, hajapoteza kitu. Likikaa sawa anakimbia hatua chache, na hapo wengi hushangaa jinsi miguu inavyobaki bila kazi. Ameondoka.

Mita 50 za mwanzo ndizo za kuogopwa, na ndizo ambazo mtazamaji huzipenda kwa sababu ya msisimko. Mwendesha winchi mzuri huzifanya ziwe za kuchosha. Anavuta kwa upole, pembe ya kupanda ikiwa ndogo. Sababu yake ni bembea. Rubani anayevutwa yuko mbele kidogo ya bawa lake, kama mtoto aliyesukumwa mbele kwenye bembea. Kamba ikikatika ghafla, anarudi nyuma, na bawa linakimbia mbele yake na kuinamisha pua. Akivuta breki kwa wakati analidaka na mambo yanatulia, ila kuna mita kadhaa za kimo zinazolipwa. Anayepanda kwa upole hulipa chache. Anayepanda wima kama roketi hulipa nyingi, na akiwa mita 15 juu, hana za kulipa. Hata akiwa na parachuti ya akiba, karibu hivyo na ardhi muda wa kufunguka haupo.

Akishapita hapo mkazo unaongezwa, na anapanda. Mikono iko juu, breki karibu zimeachiwa zote. Anapokaribia kuwa juu ya winchi, kamba haimvuti mbele tena, inamvuta chini. Mwendesha winchi analegeza, rubani anasubiri bawa litulie, anafyatua. Ncha ya kamba ina kijiparachuti kinachoizuia isianguke hovyo. Winchi inaikunja haraka kabla upepo haujaipeleka kwenye barabara au nyaya za umeme. Baada ya hapo ni kimya. Waliokwisha kuruka huzungumzia kimya hicho kuliko kitu kingine chochote.

Mita 400 ni kimo kidogo, dakika sita saba tu ukishuka bila msaada. Lakini rubani hakupanda ili ashuke. Saa za mchana jua likipasha ardhi, hewa moto hujikusanya na kupanda kama moshi usioonekana, na paraglaida ikizunguka ndani yake hupanda nayo, kama wafanyavyo tai. Winchi ni ngazi ya kufikia hewa hiyo.

Inaweza kufika mbali kiasi gani? Tarehe 14 Desemba 2008, Nevil Hulett wa Afrika Kusini alipaa kutoka Copperton, kwenye nyika kavu za Northern Cape, akatua kilomita 502.9 kutoka alipoanzia. Alikuwa wa kwanza duniani kuvuka kilomita 500 kwa paraglaida. Nchi ile ni tambarare, na wanaoruka huko huvutwa kwa kamba. Nairobi mpaka Mombasa kwa barabara ni kilomita 480 hivi, yeye alizipita bila injini. Tangu hapo rekodi imevunjwa zaidi ya mara moja, lakini mimi hupenda kuitaja hii kwa wanaodhani bila mlima huwezi kwenda popote. Waholanzi nao, ambao nchi yao ni bapa kama chapati, na Wajerumani wa kaskazini, wameruka kwa winchi kwa miaka mingi. Ujerumani mwendesha winchi hupata mafunzo na cheti chake, kama rubani.

Swali linalofuata huwa ni lile lile: kati ya mlima na winchi, upi salama zaidi? Silipendi swali hili kwa sababu linataka jibu la neno moja. Winchi inakuepusha na miamba, miti, na upepo unaojipindua nyuma ya kilele. Uwanja ni mpana, unaweza kuahirisha, na mwanafunzi anaanza kwa mvuto mfupi wa chini kabla ya ule mrefu. Upande wa pili, mlimani unategemea uamuzi wako. Kwenye winchi unautegemea na wa mtu mwingine aliye kilomita moja mbali, asiyeweza kuiona sura yako. Ukikosa mwendesha winchi aliyefunzwa, faida zote hizo zinafutika.

Na kuna hatari za uwanda zenyewe. Chamchela, vile vimbunga vidogo vya vumbi ambavyo watoto hukimbilia kuvichezea, ni ishara ya hewa moto inayong'oka ghafla kutoka ardhini. Mpwa wangu anaviona kila siku. Kikipita juu ya bawa lililo mita 10 hewani na limefungwa kwenye kamba, si mchezo. Wanaovutana kwenye nyanda kavu husimama na kusubiri kipite, hata kama kila mtu ameshafungwa mikanda na jua linachoma.

Kwa hiyo akija mtu Hola, au Dodoma, au popote palipo bapa, akasema ana kifaa cha kukurusha, usimuulize kamba yake ina uimara gani. Muulize mkazo unapimwa na nini. Muulize kiungo dhaifu kiko wapi na kinakatika kwa kilo ngapi, akuonyeshe kwa kidole. Muulize nani anaendesha pipa, na huyo mtu alijifunza wapi. Muulize kama mamlaka ya usafiri wa anga inajua kwamba mtakuwa mita 400 juu, maana hewa nayo ina barabara zake, hasa karibu na viwanja vya ndege. Na muombe uketi kwenye kile kiti kikiwa kimening'inizwa kwenye mti, ukiachie kifyatuo mara kumi, macho yamefumbwa. Akiona unamchelewesha, mshukuru na urudi nyumbani.

Nilipomaliza kumweleza haya mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo gari lenyewe ndilo la mwisho." Nikamwambia ndiyo, mjomba. Gari hata la kukodi litafaa. Anza na kumtafuta mvuvi.